Kitambaa cha Njano

Mama mkwe wangu hushona mablanketi ya viraka, na sharti lake ni moja: hakati nguo ya mtu aliye hai. Shati la marehemu baba mkwe limo. Gauni la zambarau la mke wa kwanza wa mume wangu limo pia, katikati kabisa.

Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo kila alasiri mimi humtungia uzi kwenye sindano.

Leo nilikuwa nalainisha ncha ya uzi kwa ulimi nilipoona kitambaa cha njano chini ya mkasi wake. Kilikuwa na tundu la pasi, kingo zake za kahawia. Tundu hilo nililiunguza mwenyewe Jumapili.

“Mama, hilo si gauni langu?”

“Ni lako.” Mkasi haukusimama. “Mumeo kaniletea asubuhi. Kalikunja vizuri, yule ambaye hata soksi zake hajui kukunja.” Akacheka kidogo.

“Si ulisema hukati nguo ya mtu aliye hai?”

“Na sijawahi, mwanangu.”

Akakiweka kipande kando ya kile cha zambarau, akakinyoosha kwa kiganja. Vilitoshana.

“Haya, nitungie sindano.”

Uzi ulikataa kuingia. Nikajaribu tena.

Nje, lango likafunguliwa, kisha nikasikia likifungwa kwa komeo. Mume wangu hutoka kazini saa kumi na mbili. Ilikuwa saa tisa.