Kicheko cha Swala

Wanyama wa bonde moja walikusanyika kuchagua mkuu wao. Kobe akaeleza polepole jinsi atakavyolinda kisima chao akichaguliwa. Ngedere hakueleza lolote. Alipanda juu ya kichuguu akaigiza mwendo wa Kobe, shingo nje, tumbo likiburutika chini. Swala alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Huyu ndiye!" akapiga kelele, na wenzake wakaitikia. Ngedere akashinda.

Katika bonde hilo, mfiwa humpelekea mkuu habari, naye mkuu, popote alipo, huja akakaa naye chini. Hata mvua hazijaisha, Chui akamla mtoto wa Swala. Swala akaenda kwa Ngedere, aliyekuwa juu ya mti.

"Mkuu, nimefiwa na mwanangu."

Ngedere hakushuka. Alikaa palepale tawini akaigiza kilio cha Swala, midomo ikimtetemeka. Wanyama wote wakaangua kicheko, maana walishazoea kucheka maigizo yake.

Kobe peke yake ndiye aliyejikokota, akaja akakaa kando ya Swala.

"Mzee Kobe," Swala akasema, "siku ile nilikucheka."

"Nilikusikia, binti yangu. Kicheko chako kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Ndicho kilichompandisha pale juu."