Suruali ya Harusi

"Mimi sijanenepa, daktari. Suruali hii ndiyo niliyooa nayo."

Daktari alikuwa ameshamweleza kwamba kitambi na sukari vimekuwa vikiziba mishipa ya moyo wake polepole, mwaka baada ya mwaka. Mzee akacheka, akalegeza mkanda, akapindua kiuno cha suruali ili amwonyeshe.

Kwa ndani kulikuwa na kipande cha kitambaa ambacho hakijapauka. Pembeni yake kingine, na kingine tena. Mishono ile midogo aliijua vizuri. Ndiyo iliyowasomesha wanawe.

Akamgeukia mkewe, fundi cherehani.

"Ulikuwa unafurahi sana ikikutosha," mke akasema, macho sakafuni.

"Mara ya mwisho uliipanua lini?"

"Juzi. Uliposema kifua kinakubana."