Masale ya Mpakani

Komeo la mlango wa uani lililia kabla hakujapambazuka. Aikande alitoka, akamkuta kaka yake, Elinami, aking'oa masale ambayo marehemu baba yao aliyapanda kuwa mpaka wa kiwanja alichompa Aikande.

"Kaka, baba alinigawia hapa mbele ya ukoo."

"Alikugawia hujaolewa na mgeni. Ofisi ya ardhi wamekataa kuandika jina lako. Wanasema ardhi itamfuata mumeo."

"Kwani mimi si raia?"

"Wewe raia, dada. Shemeji je?"

Akaendelea kung'oa, taratibu, akiyalaza masale kando kama vyombo vya kuazima. Aikande alijifunga kanga upya.

Kulipokucha, bintiye Aikande alichungulia mlangoni.

"Shikamoo mjomba, nimekumiminia chai."