Mlima Uliofutwa

Dada mtu aliingia bila kupiga hodi, kama ilivyo haki ya kila dada mwenye kaka mmoja, akamkuta wifi yake amepanda juu ya kiti anafuta mlima.

Hakuwa anafuta vumbi la mlima. Alikuwa anafuta mlima wenyewe. Mkononi alishika sponji ya poda, ile anayopambia maharusi, akawa anaipitisha taratibu juu ya mchoro wa mkaa ambao mumewe alirudi nao kutoka nyanda za juu. Kilele kilikuwa kimekwisha kutoweka. Bonde lilikuwa njiani kukifuata. Picha nyingine za safari, zilizopangwa ukutani tayari kwa mgeni, zilikuwa zimeshughulikiwa zote.

"Wifi," alisema dada mtu kwa sauti ya hakimu, "umerukwa na akili au umetumwa?"

Mke hakushtuka. Alishuka kitini, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaitazama kazi yake. Kisha akasogea tena na kugusa ukingo wa ziwa kwa ncha ya sponji. Dada mtu alikuwa ameona uovu mwingi maishani, hasa wa mawifi, lakini hakuwahi kuona uovu uliotulia kiasi hicho.

Tena siku yenyewe ilikuwa hiyo. Mkurugenzi wa jumba la sanaa, mama mmoja mpole wa maneno machache, alikuwa njiani kuja kutoa uamuzi. Ilikuwepo nafasi moja ya mchoraji kwenda ng'ambo kwa miaka mitano, chumba na karakana kwa gharama ya jumba, familia ibaki nyumbani. Mara ya kwanza alipokuja, mama huyo alikunywa chai, akasema milima ni mizuri ila haina hewa. Imekaa kama ukuta, mtu hana pa kuingilia. Mchoraji alitabasamu mpaka mgeni alipotoka. Baada ya hapo vikombe viliruka.

Mtaani mchoraji aliitwa Mkaa, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata. Aliacha alama popote alipogusa: kwenye swichi, kwenye taulo, kwenye mlango wa friji. Nyingine zilikuwa mkononi mwa mkewe, juu kidogo ya kiwiko, na hizo hazikutoka kwa sabuni. Dada mtu aliwahi kuziona, akashauri nguo za mikono mirefu. Alieleza kwa hekima kwamba wasanii ni watu wa hisia, na kwamba kaka yake akisafiri hutulia. Tatizo ni akikaa sana nyumbani. Sasa alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima.

"Unataka asiende," dada mtu alinong'ona, maana Mkaa alikuwa bafuni ananyoa ndevu na kuimba. "Kaka yangu akipata, wewe roho inakuuma. Unataka aozee humu ndani na wewe."

"Shusha sauti, wifi. Atajikata."

Dada mtu alimpokonya sponji. Alikuwa bado anapima kama aanze na kofi au aanze na kuita mashahidi, mlango ukagongwa. Alificha ushahidi mgongoni, jambo lililoligharimu gauni lake jeupe, akaanza kumwomba Mungu msamaha kwa niaba ya ukoo mzima.

Mkurugenzi alisimama mbele ya ukuta. Akasogea, akarudi nyuma, akavua miwani, akaivaa tena. Mwishowe alisema anahisi baridi. Alisema milima ni ile ile, ila sasa inapumua, na kwamba ukungu wa namna hii haufundishwi darasani. Ni lazima mtu awe ameungoja alfajiri, amekaa juu ya jiwe, tumbo tupu.

Hapo Mkaa akatoka bafuni, povu sikioni. Aliona picha zake. Alimgeukia mkewe na kumtazama kwa jicho ambalo wageni huwa hawaonyeshwi. Kisha zile sifa zikamfikia, na uso wake ukabadilisha njia.

"Alfajiri," alisema. "Na jiwe lenyewe lilikuwa na umande."

Alipewa nafasi pale pale. Angeondoka mwisho wa juma.

Mke aliketi akalia. Alilia kwa mabega, bila sauti, mpaka mkurugenzi akamshika mkono na kumwambia kwamba miaka mitano hupita. Mkaa alimwambia aache kumtia aibu mbele ya watu. Dada mtu alijitahidi sana kunyamaza, akashindwa, akamwinamia wifi yake sikioni.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, wifi."

Siku ya safari ndugu walijazana garini kumsindikiza Mkaa uwanja wa ndege. Mke alisema hataweza, moyo wake haukuumbwa kwa mambo ya kuagana, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe ukoo ule ulimwonea huruma. Alisimama kizingitini akipunga mkono. Aliendelea kupunga mpaka gari lilipokata kona, na hata baada ya hapo kidogo, kwa usalama.

Kisha fundi wa vitasa, aliyekuwa amejikalia kibarazani kwa jirani, akavuka barabara na mkoba wake wa zana.

"Mwezi uliopita uliponiambia bwana ataondoka, nilijua unatania, mama," alisema. "Haya, tuanze na mlango gani?"