Nailoni ya Kiti cha Abiria

"Usiiguse hiyo nailoni, mama!" mnunuzi alimaka. "Ndiyo bei yenyewe hiyo!"

Lorna aliuacha mkono palepale, juu ya kiti cha abiria. Gari lilikuwa la mwaka sabini, toleo la magari machache, jekundu kama pilipili iliyoiva, na kiti hicho bado kilikuwa na nailoni ya kiwandani. Marehemu mumewe alilipangusa kila Jumapili, kisha akampeleka kanisani kwa pikapu.

"Kwako litakaa wapi?"

"Gereji, mama. Nitalifunika gubigubi. Halitaonja tone la mvua."

"Kama hapa."

"Kama hapahapa!" Mnunuzi alitabasamu, akidhani amemfurahisha.

Lorna akaingiza kucha chini ya nailoni, akaivuta. Ilichanika kwa mlio mrefu. Ngozi ya kiti ilikuwa nyororo, bado ikinukia upya. Akaketi, akanyoosha miguu.

"Mama, umeniua!"

"Hujafa. Bei nitakupunguzia. Ufunguo huo hapo, nipeleke ziwani."

Nje, manyunyu yalikuwa yameanza. Mnunuzi aliyatazama, akautazama ufunguo, halafu akaangua kicheko na kuingia.

"Waipa zinafanya kazi?"

"Sijui, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuziwasha."