Pembe ya Nne ya Kitanda

Umegeuza uso tena, wewe mpita njia na mzigo wako, usikatae. Mwanaidi alikuwa anatwanga mahindi uani, na kila alipoinua mchi alijishika tumbo upande wa kulia.

"Maharage ya jana tu," alimwambia mumewe, Shomvi.

"Jana gani, mke wangu? Tangu masika ni maharage ya jana. Mara gesi, mara ngiri, mara mchi mzito."

"Basi twanga wewe, tuone."

Akatwanga, mahindi yakaruka, wakacheka wote wawili. Kicheko kikamwangusha Mwanaidi magotini.

Shomvi akamlaza kwenye kitanda cha kamba, akamfunika kanga. Majirani wawili wakaja wampeleke zahanati. Kitanda kina pembe nne, nao ni watatu. Weka chini mzigo wako, wewe, uje ushike!