Viroba Viwili vya Ngiri

Zamani, soko lilipokuwa la wanyama, Ngiri aliuza wali na maharage, na kila Jumatatu aligombana na Nguchiro, mzoa taka.

"Umechanganya tena, mama! Maganda mbali, chupa mbali. Taka zilizochanganywa sizichukui!"

Nguchiro akazisusa wiki mbili. Kibanda kikanuka, nzi wakakalia viti vya mbele, wateja wakahamia kibanda cha jirani yake, Kanga. Ngiri alipoona biashara inamfia, alipiga magoti mchana kutwa akachambua taka kwa pembe zake: maganda kiroba hiki, chupa na makopo kiroba kile. Magoti yakamchubuka.

Jumatatu ilipofika, Nguchiro alichungulia viroba, akachekelea.

"Umeona, mama? Kumbe inawezekana!"

Kisha akainua kiroba cha maganda, akakimwaga kwenye mkokoteni wake. Akainua cha chupa, akakimwaga juu yake.

Ngiri alibaki mdomo wazi.

"Hivi wewe, baba, umefanya nini?"

"Mkokoteni ninao mmoja tu, mama. Ulitaka nifanyeje?"

Ngiri alishika mkokoteni, akausukuma sokoni kote mpaka mlangoni kwa Nguchiro, akaubinua hapo hapo.

"Mama! Unanimwagia taka nyumbani!"

"Zimechanganywa hizo," Ngiri akasema akijipangusa vumbi. "Na zilizochanganywa hazichukuliwi. Si maneno yako?"

Jumatatu iliyofuata Nguchiro alikuja na mikokoteni miwili, na siku hiyo hakumhubiria mtu.